Mgeni Aliyekataa Kiti

Gari la kliniki halikuja. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao karibu na mlango tangu kulipopambazuka, kola ya shati imenyooshwa mpaka inakata, kofia mapajani, mfuko wenye blanketi miguuni. Binti yake alisimama kizingitini akitazama kona ya barabara. Kila gari jeupe lililojitokeza lilipita kama lilivyokuja.

"Labda leo limeanzia upande wa pili," mzee alisema.

"Baba, hakuna upande wa pili. Upande ni mmoja tu, huu tunaosubiri sisi."

Gari lenyewe halina king'ora. Ni basi dogo la hospitali, lenye mikanda na ngazi ya kuteremshwa, ambalo huwazungukia wagonjwa wenye miadi: wa mazoezi ya viungo, wa kubadilishiwa bandeji, wa kusafishwa damu. Kwenye karatasi za ofisi wanaitwa wagonjwa wasio wa dharura. Neno hilo linafaa kutazamwa vizuri kabla ya kumezwa. Mzee huyu figo zake zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki alilazwa kando ya mashine iliyofanya kazi ambayo figo zilikuwa zimeikataa. Akikosa mara moja, anavimba miguu. Akiendelea kukosa, anazikwa. Sasa hapo dharura inaanza siku gani? Wanaoandika maneno hayo hawajawahi kusubiri gari mlangoni.

Binti alipiga simu kwenye dawati la usafiri. Ilipokelewa na karani ambaye wagonjwa wote walimwita Bwana Subiri, kwa sababu lilikuwa ndilo neno lake la kwanza na la mwisho.

"Subiri," alisema. Vitufe vya kompyuta vikagongwa sikioni. Halafu: "Huyo mzee ameondolewa kwenye orodha."

"Ameondolewa na nani?"

"Na mkaguzi. Alikuja juzi. Imeandikwa hapa, anasimama na kutembea mwenyewe. Gari ni la wasioweza kusimama, dada."

Binti alishusha simu taratibu, akamgeukia baba yake.

"Baba, juzi alikuja mtu hapa?"

"Ee, alikuja kijana mmoja. Ana adabu sana. Alibisha hodi, nikamkaribisha."

"Ulimkaribishaje?"

Mzee alimtazama kama aliyeulizwa chakula hupitia wapi. "Nilimkaribisha kama mgeni anavyokaribishwa, mwanangu. Niliinuka nikampa mkono."

Mtaani kwao binti huyu anaitwa Bi Pasi. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia nguo za mahoteli, kwenye meza ya pasi za mvuke, na vitambaa vya meza vikitoka mikononi mwake huwezi kuvionea kunjo. Lakini jina lina sababu nyingine. Huchelewa kupata moto, na akishapata, usimguse mpaka kesho. Ni mwanamke wa makamo, hana mume tena, hana deni na mtu, na hajawahi kuchelewa kazini isipokuwa kwa ajili ya baba yake.

Baba naye alikuwa fundi muashi, na walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye risasi ambayo waashi huning'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Ndivyo alivyokuwa mwenyewe. Alijenga nusu ya nyumba za mtaa ule bila kuiba mfuko wa saruji, na alipostaafu hakuwa na kitu ila mgongo ulionyooka. Alikuwa na kanuni chache, na hakuzihubiri. Mojawapo ni kwamba mgeni akiingia, mwenye nyumba anasimama, na mwenye nyumba hakai mpaka mgeni akae. Wanawe walilelewa hivyo. Bi Pasi mwenyewe akiwa mtoto aliwahi kuchapwa kwa kumsalimu mjomba wake akiwa amejilaza mkekani.

Sasa kanuni hiyo ndiyo iliyomnyima gari.

Siku hiyo walikwenda kwa teksi. Dereva aliona mzee, akaona mfuko, akasikia neno hospitali, na nauli ikapaa. Bi Pasi alilipa. Alipolipa tena kurudi, pochi ilibaki na sarafu na kipande cha sabuni. Akamsaidia baba yake kushuka, akamfikisha kwenye kiti, kisha akatoa simu na kuandika kwenye kundi la familia: gari limekatwa, tuchangie teksi mpaka nilirudishe, au wenye magari tupangiane zamu.

Wenye magari walikuwa wawili. Kaka yake mkubwa, muuza vipuri, alijibu kwa emoji tatu tu za mikono iliyounganishwa kuomba. Mdogo wake wa mwisho, ambaye dada mtu humwita Bwana Picha, aliandika: "Mzee wetu ni kipenzi chetu. Tuko pamoja." Na kweli aliwahi kumpeleka baba yao kliniki, mara moja, miezi mingi nyuma. Picha yake akiwa amemshika mkono mzee kwenye mlango wa gari ilizunguka hadi kwa watu wasiowajua, na maneno ya kuwaheshimu wazazi yakiwa chini yake. Alipendwa na mamia. Mara iliyofuata mzee alikwenda na gari la kliniki kama kawaida, na hakuna aliyepiga picha.

Bi Pasi aliomba ruhusa kazini akaenda mwenyewe kwenye dawati la usafiri. Lilikuwa dirisha la kioo mwishoni mwa ujia, lenye tundu la kusemea lililowekwa chini kiasi kwamba kila anayelalamika lazima ainame. Nyuma ya kioo Bwana Subiri alikuwa akimenya chungwa.

"Baba yangu hawezi kutembea," Bi Pasi alisema akiwa ameinama.

"Subiri." Akafuta vidole. "Kama hawezi, mbona alisimama?"

"Alisimama kwa sababu alikuja mgeni."

"Yule si mgeni, dada. Yule ni mkaguzi."

"Alibisha hodi?"

"Sasa angeingiaje?"

"Basi ni mgeni."

Karani alicheka, na hakucheka kwa ubaya. Alisogea karibu na tundu, akashusha sauti kama mtu anayetoa msaada. "Sikiliza, nitakuombea ukaguzi wa pili. Lakini na nyinyi saidieni. Wenzenu wanajua. Mkaguzi akibisha hodi, mgonjwa yuko kitandani, macho juu, mtu pembeni anampepea. Kuna mmoja anapanda baiskeli, nimemwona sokoni kwa macho yangu, lakini siku ya ukaguzi hata kijiko hanyanyui. Na gari anapanda. Wewe mzee wako anajitia ujana!"

"Unanifundisha uongo?"

"Nakufundisha utaratibu."

Hapa ndipo penye ubaya wenyewe, na si kwenye chungwa la karani. Utaratibu uliowekwa kuwakamata waongo umewazoea waongo, ukawaona ndio watu wa kawaida. Mwenye baiskeli anapanda gari. Aliyesimama kwa adabu anaambiwa atembee. Na anayelipwa kulinda utaratibu huo anajua yote, anakula tunda lake, anamshauri kila anayekuja kwamba naye alale macho juu. Ofisi ya namna hiyo haikosi pesa wala magari. Imekosa aibu.

Bi Pasi alitoka pale mgongo ukimuuma kwa kuinama, na barabarani akafanya jambo ambalo halikuwa lake. Alianza kupanga uongo. Mkaguzi, karani alimwambia, angekuja Jumatano. Angemlaza baba chumbani. Angefunga pazia.

Kabla ya Jumatano palikuwa na Jumatatu, siku ya mashine. Bwana Picha alikuwa ameahidi kwa kiapo kuja na gari. Mzee akavaa, akakaa mlangoni na kofia yake. Jua likapanda. Bi Pasi alipopiga simu, ilikatwa. Baadaye ukaja ujumbe: "Dada nimebanwa vibaya, nisamehe, kesho mapema sana." Kesho mashine ilikuwa na mtu mwingine. Teksi ya kwanza iliyopatikana iliwafikisha hospitali wakati wauguzi wamekwisha kumpa nafasi yake mgonjwa mwingine.

Usiku huo miguu ya mzee ilijaa mpaka soksi zikaacha mfereji. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, akivuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi. Alimwuliza binti yake kama amekula.

Bi Pasi alitoka uani, akabonyeza simu, akarekodi sauti kwa ajili ya kundi zima.

"Kaka, hiyo mikono unayotuma, ikate uitie kwenye usukani. Na wewe mdogo wangu, baba leo amekosa mashine. Amevimba. Njoo umpige picha sasa, amependeza. Mkishindwa kuja kumpeleka akiwa hai, msinipigie kuniuliza jeneza ni la saizi gani."

Aliyejibu alikuwa mke wa kaka yake. "Wifi, maneno gani hayo makali namna hiyo? Sisi sote tunampenda baba."

"Wifi, mimi sikuomba upendo. Nimeomba gari."

Kaka mkubwa alituma nauli ya teksi ya siku moja, kisha akaandika kwamba mwezi huu biashara imelala. Mtu huyo hakuwa mkatili. Ni watu wachache walio wakatili. Wengi wana mkono wa birika tu, na midomo mirefu ya kuombea wengine.

Jumanne mashine haikuwa na nafasi. Jumatano asubuhi, kabla mkaguzi hajafika, Bi Pasi alipiga magoti mbele ya kiti.

"Baba, nakuomba kitu. Leo ukae kitandani. Akiingia, usiinuke. Mpe mkono ukiwa umelala."

"Mimi silali mchana."

"Baba, umevimba! Si uongo, unaumwa."

"Naumwa, ndiyo. Lakini sijalazwa. Wewe unataka nilale ili aone nimelala. Hayo ni maigizo."

"Basi kaa tu kwenye kiti. Kaa! Hilo nalo ni maigizo?"

Mzee alifikiri kweli. Alikuwa mtu wa kufikiri anapoulizwa. "Akikaa yeye, nami nitakaa."

"Na asipokaa?"

"Mgeni haji nyumbani kwa mtu akakataa kiti, mwanangu."

"Yule alikataa! Jirani ameniambia leo. Alikukuta umeegemea ukuta, kijana ameshaondoka, na wewe huwezi kukifikia kiti. Uliegemea ukuta mpaka alipokuja kuomba chumvi. Mbona hukuniambia?"

"Ungekasirika."

"Nimekasirika!"

"Umeona?"

Angekuwa mtu mwingine Bi Pasi angecheka. Alisimama, akampa mgongo, akasema neno ambalo hajawahi kumwambia baba yake: "Hiyo adabu yako itakuua, na kunifukuzisha kazi itanifukuzisha mimi."

"Mtu akibisha hodi mlangoni kwangu nami nikampokea nimelala," mzee alisema, "ujue nimeshakufa, mmesahau kunizika tu."

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa mkaguzi yuleyule, kijana wa miaka thelathini hivi, shati limechomekwa, begi begani, amebeba ubao wa kuandikia kifuani kama ngao. Kweli alikuwa na adabu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Karibu ndani." Na mikono ya mzee ikashika mikono ya kiti.

"Starehe, mzee, starehe, usijisumbue."

Kusema starehe ni rahisi. Mzee alikuwa ameshaanza. Alisukuma, akainua mabega, goti moja likanyooka, la pili likafuata, na pale akasimama, Timazi kamili, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti na mwingine umenyooshwa kwa mgeni. Bi Pasi alifumba macho. Alisikia kalamu ikigusa karatasi.

"Karibu kiti," mzee alisema.

"Nashukuru, mzee. Sikai."

"Karibu ukae, baba."

"Haturuhusiwi. Tukikaa tunaletewa chai, tukinywa chai tunaambiwa tumehongwa. Ofisi ilikataza. Nitamaliza sasa hivi."

Hiyo nayo haikuwa kanuni ya kipumbavu. Aliyeitunga alikuwa amewaona wakaguzi wanavyonunuliwa kwa chai na maandazi. Basi zilikutana kanuni mbili za watu waaminifu katika chumba kimoja: mmoja haruhusiwi kukaa, mwingine hawezi kukaa mbele ya aliyesimama. Wakabaki wanatazamana.

Kijana aliuliza jina la mzee, tarehe ya kuzaliwa, anakunywa dawa gani. Mzee alijibu kila swali kikamilifu. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye nywele, likashuka hadi kwenye ile kola. Kiti alichokishika kikawa kinagonga sakafu, kwa kasi, kama mtu anayebisha mlango.

Bi Pasi alifumbua macho.

"Kaa," alimwambia mkaguzi.

"Dada, nimeeleza..."

"Nimesikia. Sikuletei chai. Sikuletei hata maji. Nakuambia kaa chini, kwa sababu usipokaa, huyu hatakaa. Hajui kukaa mtu akiwa amesimama. Hajui! Siku ile ulimwacha hivi hivi ukaondoka, ukaandika anatembea, na alikuwa ameganda ukutani kama mjusi!"

"Mwache kijana afanye kazi yake," mzee alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba.

"Kaa!"

Kijana aligeuza shingo kutafuta kiti. Alichelewa. Magoti ya mzee yalikatika yote pamoja, na kama si mkaguzi kutupa ubao wake na kumdaka makwapani, angepiga kichwa kwenye kizingiti. Hakuweza kumwinua. Aliweza tu kushuka naye. Wakaishia sakafuni wote wawili, mkaguzi ameketi miguu imetawanyika, mzee amelala kifuani kwake akihema, na ile miguu iliyovimba imetokeza kwenye suruali.



"Sasa umekaa," mzee alisema alipopata pumzi. "Karibu sana."

Mkaguzi alitazama ile miguu. Aliibonyeza kwa kidole gumba, polepole, na shimo likabaki. Walipomrudisha kwenye kiti, aliokota ubao, akavuta kigoda akaketi bila kuambiwa.

"Nitaandika hakuweza kusimama," alisema. "Gari litarudi."

Bi Pasi alianza kushusha pumzi. Lakini mzee alikuwa ametikisa kichwa.

"Nimesimama. Umeniona."

"Mzee, nikiandika ndiyo, fomu haina mahali pengine pa kwenda. Ni ndiyo au hapana."

"Usiandike uongo kwa ajili yangu. Kesho utauandika kwa ajili ya mwingine."

Hapo Bi Pasi alipandwa na hamaki ambayo jirani aliisikia kutoka uani kwake. Hakumkasirikia baba peke yake wala mkaguzi peke yake. Aliwakasirikia pamoja na karatasi yao.

"Basi andika ukweli wote!" alifoka. "Si nusu! Andika amesimama kwa sababu umeingia. Andika hakukaa kwa sababu hukukaa. Andika ameanguka mikononi mwako ukiwa unamuuliza tarehe ya kuzaliwa. Andika Jumatatu alikosa mashine na miguu umeibonyeza mwenyewe."

"Hakuna nafasi, dada."

"Kuna pembeni. Andika pembeni!"

Aliandika. Aliandika kuzunguka ukingo mzima wa ile karatasi, akaigeuza, akaendelea nyuma. Hakuishia kuipeleka ofisini tu. Alisimama mbele ya meza ya mkubwa wake mpaka ikasomwa. Hilo Bi Pasi alikuja kuambiwa na dereva wa gari la kliniki. Hilo lihesabiwe kwa haki upande wa kijana huyo, maana wengi wangeitia fomu ndani ya begi na kwenda nyumbani.

Jumatano hiyohiyo mzee alipelekwa kwenye mashine kwa teksi, kwa nauli ya kaka mkubwa. Siku ya Ijumaa gari lilikuja, jeupe, likasimama. Dereva alishusha ngazi. Mzee aliinuka kumsalimu, na dereva, ambaye habari zilikuwa zimemfikia, aliketi haraka kwenye kizingiti cha mlango wa gari, akacheka, akasema, "Nimekaa, mzee wangu, nimekaa!" Bwana Picha aliona habari za gari kwenye kundi la familia akaandika, "Tumefanikiwa!"

Mchana wake simu ya Bi Pasi iliita akiwa kazini, pasi mkononi, kitambaa cha meza mbele yake. Alikuwa Bwana Subiri, mchangamfu.

"Dada, gari si limekuja leo?"

"Limekuja."

"Vizuri. Nina swali moja tu, tunawauliza wote. Umeridhika na huduma yetu? Ndiyo au hapana."

"Hapana."

"Hapana vipi, na gari limekuja?"

"Limekuja baada ya baba yangu kukosa mashine na kuanguka. Mlimwondoa kwa kusimama kwa adabu, mkatuambia alale adanganye, akakataa. Na yule wa baiskeli bado mnambeba. Andika hapana, na sababu uziandike zote."

"Huku hakuna mahali pa sababu, dada. Ni ndiyo au hapana tu."

Mvuke ulitoka kwenye pasi kwa kishindo. Bi Pasi aliibandika juu ya kitambaa, akaikandamiza kwa uzito wake wote.

"Basi subiri hapohapo," alisema. "Nakuja kukutafutia pembeni."